Jinsi ya Kuongoza Timu ya Kikapu Iliyojaa Nyota

Kocha anayekabidhiwa timu yenye nyota wanne au watano hana budi kuanza na hesabu, kabla ya mazoezi na kabla ya hotuba. Mechi inayochezwa kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ina dakika 40, na kila timu huwa na wachezaji watano uwanjani, kwa hiyo kocha ana dakika 200 tu za kugawa. Ikiwa kila mmoja wa nyota watano anatazamia kucheza dakika 35, dakika 175 zimekwisha, na saba waliobaki katika orodha ya 12 wanagombania 25. Hesabu ya mitupo ni ngumu zaidi. Timu hutupa mpira kikapuni mara 60 na kitu katika mechi, na watu watatu waliozoea kutupa mara 20 kila mmoja wataimaliza karibu mitupo yote kabla wa nne hajainua mikono. Andika hesabu hiyo ubaoni siku ya kwanza, mbele ya wote, na uwaache waitazame bila kuwaeleza lolote kwa dakika moja nzima.

Mjini Lubumbashi timu za namna hii huzaliwa kwa urahisi. Rais wa klabu anapata fedha, msimu unakaribia, na ndani ya wiki chache anakusanya kutoka mitaa ya mji mfungaji hodari wa mtaa wa Kenya, mchezeshaji wa Katuba, mrefu wa Kamalondo na kijana wa chuo kikuu ambaye kila klabu ilikuwa ikimtaka. Kila mmoja wao alikuwa mfalme wa uwanja wake. Mpira ulianza mikononi mwake na kuishia mikononi mwake, na watoto waliokaa juu ya ukuta waliliita jina lake. Timu inapofungwa mechi mbili za mwanzo, mashabiki husema kwamba fahari wawili hawakai zizi moja, na mjadala huishia hapo. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo. Wachezaji hao hushindwa kukaa pamoja pale ambapo hakuna aliyewaambia mapema nani atafanya nini na nani ataacha nini, na kuwaambia ni kazi ya kocha.

Mwaka 2007 klabu ya Boston Celtics iliwaweka pamoja Kevin Garnett, Paul Pierce na Ray Allen, wote wakiwa wametimiza miaka 30 au zaidi msimu ulipoanza, na hakuna aliyekuwa amewahi kutwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Msimu uliotangulia, Allen alikuwa na wastani wa pointi 26.4 kwa mechi, Pierce 25, Garnett 22.4. Walipoungana, Allen alishuka hadi 17.4, Pierce 19.6 na Garnett 18.8, na timu iliyokuwa imeshinda mechi 24 ilishinda 66 na kutwaa ubingwa wa 2008. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba wote watatu walipungukiwa. Kama mmoja angebaki na pointi zake zote huku wenzake wakiambiwa wajinyime, chumba cha kubadilishia nguo kingegawanyika kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo, zungumza na kila nyota peke yake kabla ya mazoezi ya kwanza ya pamoja, na uanze na yule mkubwa kuliko wote, kwa sababu wengine watamtazama yeye kabla ya kukusikiliza wewe. Usimfuate mbele ya rafiki zake, wala usimpelekee ujumbe kwa simu. Kaa naye chini, mheshimu, kisha umwambie jambo mahususi linaloweza kupimwa. Kumwambia mtu kwamba anatakiwa kucheza kwa ajili ya timu hakumwelekezi popote. Kila mchezaji duniani anaamini kwamba tayari anafanya hivyo. Mwambie hivi: «Mdogo wangu, huko ulikotoka ulikuwa unaleta mpira mwenyewe na kutupa. Hapa mpira utaletwa na mwenzako, wewe utaupokea pembeni, mwingine akiwa amekwisha kumwekea kizuizi anayekukaba. Mitupo yako itapungua, lakini itakuwa rahisi zaidi. Na yule namba 7 wao, ninakutaka umkabe wewe.» Kisha nyamaza usikilize. Akikubali haraka mno, usifurahi bado. Mara nyingi anayeuliza maswali na kubishana kidogo ndiye atakayetimiza.

Suala linalovunja timu nyingi zaidi ni la dakika mbili za mwisho. Miami Heat ya msimu wa 2010-11, yenye LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh, ilianza kwa kushinda mechi 9 na kupoteza 8. Ilifika fainali, ikafungwa na Dallas kwa mechi 4 kwa 2, na katika mechi zilizokaribiana mtazamaji aliweza kuona kwamba James na Wade walikuwa wakipokezana zamu, mmoja akishambulia huku mwingine amesimama anatazama. Msimu uliofuata Wade, ambaye Miami ilikuwa nyumba yake na ambaye alikwisha kuipa ubingwa mwaka 2006, alikubali James awe wa kwanza. Bosh naye alihamia katikati, mahali penye kupigana vikumbo na watu wakubwa kuliko yeye. Walitwaa ubingwa mwaka 2012 na tena mwaka 2013. Kwa timu yako, chagua mtu mmoja atakayeshika mpira robo ya nne ikibaki dakika mbili, mtaje jina mbele ya wote, na ueleze wengine wanne watasimama wapi. Usiseme kwamba itategemea nani ana mkono wa moto siku hiyo. Kauli hiyo inaonekana ya haki, lakini humfanya kila mtu atupe ovyo katika robo ya tatu ili athibitishe kwamba mkono wake ndio wa moto.

Wale ambao hawatashika mpira wanahitaji heshima inayoonekana, na hapa mji wetu una mfano wake. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa wa saba katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA wa mwaka 2011, na katika msimu wa 2015-16 alikuwa Toronto Raptors, timu ya Kyle Lowry na DeMar DeRozan, ambako mara nyingi alianzia benchi. Wastani wake ulikuwa pointi 5.5. Mchezaji wa katikati aliyeanza mbele yake alipoumia, Biyombo aliingia, na katika mechi ya tatu ya fainali ya kanda ya Mashariki ya NBA dhidi ya Cleveland alikamata ribaundi 26, yaani mipira iliyokosa kikapu, huku akifunga pointi 7 tu. Toronto ilishinda. Kijana wa Ruashi anayelalamika kwamba hapewi mpira aoneshwe mechi hiyo, kwa sababu inamhusu mtu wa hapa hapa.

Ili heshima hiyo isibaki maneno, weka daftari. Mtu mmoja benchini aandike kwa kila mchezaji mambo ambayo karatasi ya meza ya waamuzi haiyaoni: vizuizi alivyowekea wenzake, mipira aliyoigusa na kuiharibu kwa wapinzani, mara alizorudi kukaba kwa mbio na mara alizotembea. Soma daftari hilo mwanzo wa mazoezi yanayofuata, kabla mtu hajataja pointi. Wiki za kwanza nyota watalichukulia kama jambo la watoto. Siku mmoja wao atakapokuja kuuliza kwa nini ameandikiwa vizuizi vitatu badala ya vinne, utajua limeshika.

Nahodha asichaguliwe kwa sababu anafunga sana, wala kwa sababu rais wa klabu anampenda. Kwa kanuni za FIBA, nahodha ndiye anayeweza kumwendea mwamuzi uwanjani kuomba maelezo, kwa adabu, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama. Mtu mwenye hasira za haraka atakuletea faulo za ufundi, yaani za utovu wa adabu, badala ya maelezo. Kwetu kuna jambo jingine, nalo ni umri. Katika timu nyingi za Lubumbashi yupo mchezaji wa miaka 33 au 34 ambaye vijana humwita yaya, yaani kaka mkubwa, na neno lake humaliza ubishi hata kama hachezi zaidi ya dakika kumi. Mtu huyo ni hazina. Ikiwa nyota wako mkubwa hana kipaji cha kusema na watu, mwache aongoze kwa mchezo wake, na umpe yaya huyo unahodha.

Katika mazoezi, zoezi linalofaa kuliko yote ni mchezo wa watano kwa watano bila kudundisha mpira hata mara moja, na kikapu hakihesabiwi mpaka wote watano wawe wameugusa. Mwanzoni ni fujo: mfungaji wa Kenya anapokea, anataka kudunda, anakumbuka, anashika mpira juu ya kichwa na kuzungukwa. Dakika kumi baadaye anaanza kufanya kile ambacho hakuwahi kukihitaji alipokuwa mfalme, yaani kukata kuelekea kikapuni bila mpira na kumtafuta mwenzake kwa macho. Fanya zoezi hilo mara mbili kwa wiki, na wachanganye nyota katika pande zote mbili. Wakiwa upande mmoja watawafunga wenzao na hakuna atakayejifunza chochote.

Jifunze pia kulitazama benchi. Nyota anapotolewa, angalia mambo matatu: amempa mkono anayeingia au amempita kama hamjui, amekaa karibu na wenzake au amekwenda kiti cha mwisho, na taimauti inapoitwa amesimama na kusogea au amejifunika taulo. Akijitenga, usimkemee hapo hapo. Kaa kando yake dakika moja, umwulize anaona nini katika ukabaji wa wapinzani. Swali hilo humrudisha mchezoni kama mtu mwenye akili ya mchezo, na jibu lake mara nyingi linafaa. Suala la adabu lizungumzwe kesho yake, faraghani, na lisiachwe lipite.

Fedha ndiyo sumu isiyotajwa. Kiongozi au shabiki tajiri akimpa nyota mmoja bahasha ya dola kwa siri, habari itafika kwa wote kabla basi halijarudi mjini, na yule aliyepewa faranga za usafiri tu hatampigia mwenzake pasi kwa moyo ule ule. Kubaliana na uongozi tangu mwanzo kwamba zawadi ya ushindi hupitia mikononi mwa mtu mmoja na kiwango chake kinajulikana na wote, hata kama si sawa kwa kila mtu. Tofauti iliyo wazi huvumilika. Ya siri huzaa makundi. Vivyo hivyo, omba rais wa klabu asimpigie mchezaji simu kuhusu dakika zake za kucheza. Makundi ya mtaa au ya lugha ya nyumbani yapunguze kwa mambo madogo: panga upya viti vya basi na vyumba kila safari, na wote wale bukari, yaani ugali, sufuria moja.

Yote haya yanahitaji muda, na uongozi uelezwe hivyo. Marekani ilikwenda Olimpiki ya Athens mwaka 2004 ikiwa na Allen Iverson, Tim Duncan na LeBron James kijana, timu iliyokusanywa kwa haraka. Ilifungwa na Puerto Rico 92-73, ikapoteza mechi tatu na kurudi na shaba. Baada ya hapo wachezaji walitakiwa kujifunga kwa miaka mitatu, na hata hivyo walifungwa na Ugiriki mwaka 2006 kabla ya kutwaa dhahabu Beijing mwaka 2008, ambako Kobe Bryant alijitwika kazi ya kuwakaba wafungaji hatari wa wapinzani.

Baada ya nusu ya msimu kunaweza kubaki mtu mmoja ambaye umezungumza naye peke yake, ameoneshwa daftari, amepewa nafasi yake kwa uwazi, na bado anasimama mikono kiunoni kila mara mpira unapokwenda kwa mwenzake. Mpunguzie dakika kwanza, ukimweleza sababu kabla ya mechi ili asiigundue mbele ya mashabiki. Mpe mechi tatu. Asipobadilika, mwambie rais wa klabu kwa maandishi kwamba unaomba aachiwe aende, eleza hatua ulizochukua, na uwe umekwisha kumwandaa atakayeingia mahali pake. Siku ya kuagana, mwite yeye mwenyewe kwanza, kisha uwaambie wengine kwa sentensi mbili bila kumchafua, kwa kuwa msimu ujao mtakutana naye akiwa amevaa jezi nyingine.