Kabichi Huanza Kuoza Shambani, Si Kwenye Lori

Kabichi zinapakiwa jioni Lushoto zikiwa nzito, ngumu, zinang'aa. Asubuhi dalali wa Dar es Salaam anapiga simu: za chini zimeoza, zinachuruzika maji, bei imeshuka. Hapo ugomvi unaanza. Mkulima anamlaumu dereva kwa kuchelewa njiani, dereva anasema turubai lilifungwa kama siku zote, na dalali anakata hela bila kusubiri jibu. Nimeitwa kusuluhisha mambo ya namna hii mara nyingi, na siku hizi kabla sijamsikiliza mtu naomba nipelekwe kwanza shambani.

Nikifika nachukua kabichi moja kati ya zile ambazo mwenyewe anasema ni nzima. Naigeuza, natazama kikonyo pale kisu kilipopita, kisha nabonyeza kwa kidole gumba. Pakiwa pakavu na pagumu, naiweka pembeni. Kidole kikizama kidogo na pakateleza kama ute wa bamia, naipasua katikati mbele yake. Ndani, moyo wa kabichi umegeuka uji wa rangi ya kahawia, majani ya katikati yanateleza, lakini majani ya nje bado mabichi, mazuri kabisa. Halafu inakuja ile harufu, na kila aliyesimama pale anarudi nyuma hatua moja. Kabichi hiyo iliingia lorini ikiwa tayari mgonjwa.

Mhusika mkuu ni bakteria wa uozo laini, Pectobacterium carotovorum, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Erwinia. Anashambulia kabichi, karoti, viazi mviringo, vitunguu, hoho na nyanya. Hana meno wala sindano ya kutobolea ganda. Anaingia palipokwisha kutobolewa. Akishaingia anatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za mmea. Gundi ikiyeyuka, seli zinaachana na tunda linakuwa maji.

Lakini bakteria hawa wanasubiriana, na mkulima akilielewa hili ataelewa pia kwa nini ugomvi wa lori hauishi. Wakiwa wachache ndani ya kidonda wanatulia na kuzaana tu, huku wakipeana ishara za kikemikali. Idadi yao ikitosha ndipo wanamwaga vimeng'enya kwa wingi, wote kwa pamoja. Ndiyo maana kabichi inaweza kuonekana nzima saa kumi na mbili jioni na kuwa uji kesho yake. Joto la nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi ndilo wanalolipenda zaidi, na chini ya turubai, katikati ya shehena inayopumua na kutoa jasho usiku kucha, wanalipata bila shida. Kwa hiyo lori linaharakisha, ila mbegu ya uozo ilipandwa huku juu shambani.

Sasa tutafute vidonda. Vingine vinaletwa na wadudu: viwavi wa nondo wa kabichi wanatoboa majani, na inzi wanatembea kutoka kwenye masalia yaliyooza hadi kwenye tundu jipya wakiwa wamebeba bakteria. Vingine tunavileta wenyewe kwa jembe la palizi lililopita karibu mno na shina. Na kuna kile ambacho wengi hawakihesabu kuwa kidonda: kabichi kupasuka. Shamba likikaushwa wiki mbili kisha likamwagiwa maji mengi kwa siku moja, kichwa kinajaa haraka kuliko majani yanavyoweza kutanuka. Mwagilia kwa kiasi kile kile na kwa siku zinazoeleweka. Mbolea ya kukuzia nayo, ikizidishwa au ikiwekwa wakati vichwa vimeshafunga, inaleta majani laini yenye maji ambayo hayahimili safari.

Kuna pia ugonjwa unaomfungulia mlango bakteria wa uozo laini, nao ni uozo mweusi wa kabichi, unaosababishwa na bakteria mwingine, Xanthomonas campestris. Utautambua kwa baka la njano lenye umbo la V linaloanzia ukingoni mwa jani kuelekea ndani, na mishipa ya jani kuwa myeusi. Huu unasafiri na mbegu. Nunua mbegu zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, usipande kabichi, sukuma wiki, koliflawa wala figiri pale pale kwa misimu mfululizo, na ulipe shamba angalau miaka miwili ya mahindi au maharage. Najua miaka miwili ni mingi kwa mtu mwenye robo eka bondeni. Basi gawa hilo eneo vipande vitatu uwe unazungusha. Ni bora kuliko kung'ang'ania kipande kimoja mpaka kichoke.

Baada ya kidonda, maji. Bakteria wanahitaji unyevu ili wasogee na waingie. Kumwagilia juu ya majani jioni ni kuwaachia kitanda chenye maji mpaka asubuhi; afadhali mwagilia asubuhi, chini ya mmea. Nafasi ya sentimita 60 kwa 45 inaruhusu upepo kupita. Ukitumia mfereji, tazama maji yanatoka kwa nani, kwa sababu uozo wa shamba la juu unashuka nayo.

Kuhusu dawa nitasema wazi, maana hela nyingi zinapotea hapa. Dawa ya ukungu kama mankozebu haiui bakteria. Dawa za kopa, yaani zenye madini ya shaba, zinasaidia kwa kiasi kukinga uozo mweusi zikipulizwa mapema, lakini hazitibu. Kichwa kilichoanza uozo laini hakina dawa duniani. Na vidonge vya antibiotiki vya hospitali visifike shambani kabisa. Hiyo ni hatari kwa watu wetu.

Siku ya kuvuna ndiyo yenye kazi kubwa. Acha kumwagilia siku kadhaa kabla. Subiri umande ukauke, na mvua ikinyesha ahirisha kama mteja anakubali. Kata kwa kisu kikali, usivunje kwa mkono. Acha majani mawili au matatu ya nje yawe blanketi la kabichi. Kisu kikikata kilichooza, kisafishe kwa maji ya klorini kabla hakijagusa kingine. Kata, weka kivulini juu ya turubai au majani makavu, kikonyo kisilale kwenye udongo, na waambie vibarua wasirushe. Kila mchubuko ni mlango. Lorini, acha upenyo wa hewa kati ya safu na pandisha turubai pembeni ili joto litoke.

Wenye nyanya nao wana kosa lao. Nyanya iliyotoka juani ina joto. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi ya mto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na bakteria waliomo. Ipanguse kwa kitambaa kikavu. Ukilazimika kuosha, maji yawe na uvuguvugu kuzidi nyanya yenyewe, na kwenye ndoo ya lita 20 tia mililita 60 za klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5. Yabadilishe yakichafuka, maana tope linamaliza nguvu ya klorini, kisha ziache nyanya zikauke kabla ya kuzipanga kwenye kreti.

Vilivyooza visitupwe kando ya mfereji wala kuachwa katikati ya matuta, ingawa nimeona hivyo karibu kila bonde nililopita. Chimba shimo mbali na maji, fukia. Matenga na kreti zilizobeba shehena iliyooza zisuguliwe kwa sabuni, zisuuzwe kwa klorini, kisha zianikwe juani mpaka zikauke kabisa hadi kwenye maungio. Bakteria huyu hatengenezi ganda gumu la kujihifadhi, ukavu unamuua. Tenga likirudi shambani likiwa bado na unyevu, halijawa safi.