Kabla Hujamkabidhi Mbwa Mkubwa kwa Familia Mpya

Mbwa mkubwa aliyeokolewa mtaani Nairobi hakosi wa kumtaka. Tatizo ni kwamba wengi wanamtaka kwa kazi asiyoiweza. Wanaona kifua kipana na kilo 35, wanaona mlinzi. Wakigundua kwamba kila mgeni anarukiwa, analambwa na kuletewa kiatu wacheze, mbwa anafungwa mnyororo nyuma ya nyumba ili "awe mkali". Hawi mlinzi kwa njia hiyo. Anakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye huuma. Kwa hivyo, kabla ya lolote, muulize anayemtaka: mbwa huyu atakuwa wapi, na nani, saa tisa mchana siku ya kazi? Akianza kukueleza habari za wezi, mshukuru kwa heshima na uendelee kutafuta.

Swali hilo litakufikisha kwa dada wa kazi, mtu ambaye wengi husahau kumuuliza. Mwenye nyumba anaondoka alfajiri kuikwepa foleni ya Thika Road na kurudi usiku. Dada ndiye anayeshinda na mbwa. Kama anamwogopa, mbwa atafungiwa bandani kutwa nzima, na mimi simlaumu dada, kwani hakuna aliyemwuliza. Omba kuzungumza naye mbele ya mbwa. Mtazame mbwa anapoing'oa shuka kwenye kamba ya nguo na kukimbia nayo. Dada akicheka na kumfukuza, hiyo ni dalili njema kuliko ahadi yoyote ya tajiri wake. Na kama kuna mtoto anayejifunza kutembea, jua kwamba mkia tu wa mbwa huyu unatosha kumwangusha. Afadhali familia yenye watoto wakubwa kidogo.

Nenda ukaione nyumba kwa macho yako. Ploti ya futi 50 kwa 100 kule Ruai au Kitengela inatosha, mradi atolewe matembezi kila siku. Uwanja mpana usio na mtu wa kucheza naye haumfai kitu. Ua wa michongoma unahitaji kukaguliwa kwa kuinama. Kwa juu umesongamana hata ndege hapiti, lakini usawa wa goti mashina yameachana, na hapo ndipo mbwa hupitisha kichwa, kisha mabega, kisha yuko barabarani. Angalia pia geti: nani hulifungua, na boda boda akileta mzigo huachwa wazi kwa muda gani?

Kwa wanaoishi kwenye ghorofa, ruhusa ya mwenye jengo iwe ya maandishi. Majirani nao waulizwe, hasa mnaposhiriki ngazi na mahali pa kuanikia nguo. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na mbwa anayelamba kila mpita njia atazua ugomvi usiokuwapo. Msitu wa Karura unaruhusu mbwa wakiwa wamefungwa kamba, kwa hivyo aliye karibu nao ana pa kumchosha.

Usimtoe kabla hajahasiwa, au kufungwa kizazi kama ni jike. Mbwa mwenye umbo zuri huvutia watu wa kuuza vitoto. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imechomwa na cheti kiwepo, maana hurudiwa kila mwaka. Familia ionyeshwe namna ya kumkagua kupe masikioni na katikati ya vidole, kwa kuwa homa ya kupe humuua mbwa aliyekuwa akicheza juzi tu. Zungumzeni chakula kwa shilingi: mbwa huyu anakula kama mtu mzima, na ugali mtupu haumtoshi. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake.

Andikeni makubaliano mafupi kwamba ikishindikana anarudi kwako, si kwa jirani wala binamu wa shambani. Ukizidiwa, KSPCA, shirika la kutetea wanyama pale Karen, hupokea wanyama na kuwatafutia makao. Na kama makabidhiano yanaangukia mwishoni mwa Desemba, ngojeni Januari. Fataki za mwaka mpya huwatoa mbwa mbio, na yule ambaye hajaizoea nyumba yake akitoka usiku huo hajui arudi wapi.