Kukimbia Dodoma Katika Miezi ya Jua Kali Bila Kuhatarisha Afya

Jiji la Dodoma liko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, na miezi inayozitangulia mvua hizo ndiyo yenye joto kuliko yote. Mwezi Oktoba na Novemba joto la mchana huzidi nyuzi 30 za Selsiasi, na mnamo siku za mwisho za juma la kwanza la Oktoba na zinazofuata, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi. Mtu aliyezoea Dar es Salaam anaweza kuona kwamba joto hilo ni la kawaida, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu hewa ya huku ni kavu na jasho hukauka kabla halijatiririka. Fulana inabaki kavu, uso unabaki na chembechembe za chumvi tu, na mkimbiaji anaamini kwamba hajatoka jasho ilhali mwili wake umekwisha kupoteza maji mengi.

Mwongozo huu unaanza na saa ya kukimbia, kisha kasi, na maji yanafuata baadaye, ingawa ushauri mwingi unaotolewa kuhusu jambo hili huanza na maji. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayotumiwa na misuli, kama robo tatu au zaidi, hugeuka kuwa joto ndani ya mwili, na kadiri mtu anavyoongeza kasi ndivyo joto hilo linavyoongezeka. Maji hufidia jasho lililotoka, lakini hayamzuii mtu anayekimbia kupita uwezo wake saa tano asubuhi asianguke, hata kama amekunywa ya kutosha.

Saa na njia

Mwezi Novemba jua huchomoza Dodoma dakika chache baada ya saa 12:00 asubuhi na hufika kileleni yapata saa 6:20 mchana, lakini hewa huendelea kupata joto hadi alasiri, kati ya saa 8:00 na saa 10:00. Muda ulio bora zaidi ni kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 1:00 asubuhi, au saa 1:30 kwa aliyechelewa. Anayeona kwamba huo ni woga wa wanaoanza mazoezi na akumbuke kwamba Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alipotwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, mbio hizo zilikuwa zimewahishwa kwa nusu saa na kuanza saa 1:30 asubuhi kwa saa za huko, kwa sababu ya joto. Ikiwa wakimbiaji bora duniani wanapangiwa ratiba kwa kuliogopa jua, mtumishi wa umma anayejiandaa na mbio za kilomita 10 hana sababu ya kulipuuza.

Jioni inafaa pia, japo si sawa na alfajiri, kwa kuwa lami na kuta za zege huendelea kutoa joto zililolimeza mchana kutwa. Jua huzama yapata saa 12:30 na giza huingia upesi, hivyo anayeanza saa 12:00 jioni ajiandae kumalizia gizani. Avae kitu kinachoakisi mwanga, na akimbie upande wa kulia wa barabara ili magari na bodaboda za upande huo ziwe zinamjia kwa mbele. Jambo hili linawahusu wa alfajiri vilevile.

Kuhusu njia, ni afadhali kuzunguka mara kadhaa mahali pamoja kuliko kwenda moja kwa moja mbali. Mtu anayeifuata barabara ya Singida kilomita nane atalazimika kurudi kilomita nane nyingine hata kama amezidiwa, tena jua likiwa limepanda, ilhali anayezunguka mitaa ya Area C, Area D au Kisasa yuko karibu na duka, bomba na watu wakati wote. Chagua barabara zenye miarobaini, ambayo huwa na kivuli hata wakati wa kiangazi, na usiutegemee mbuyu, kwani mti huo hupukutisha majani katika miezi hiyohiyo ambayo kivuli chake kingehitajika. Upepo nao uhesabiwe. Pale Dodoma aghalabu huvuma kutoka mashariki, na mtu anayekimbia huku upepo ukimsukuma mgongoni kwa kasi inayokaribia yake huwa kama amesimama kwenye hewa iliyotulia, hivyo jasho halimpozi vizuri. Kwa hiyo anza kwa kuelekea magharibi ukiwa bado na nguvu na mwili haujapata joto, kisha urudi ukikabili upepo. Jua la asubuhi litakupiga usoni wakati wa kurudi, lakini kofia yenye ukingo inatosha kwa hilo.

Kasi na kuzoea

Mwili hujifunza kukabili joto kwa muda wa siku 10 hadi 14 hivi za mazoezi ya kila siku au karibu kila siku: damu huongezeka majimaji, jasho huanza kutoka mapema zaidi na chumvi inayopotea nalo hupungua. Anayetoka Njombe au Arusha, na hata mkazi wa Dodoma aliyepumzika majuma kadhaa, aanze na dakika 20 za mwendo mwepesi, aongeze kidogo kidogo, na aache mazoezi ya kasi kubwa mpaka juma la pili lipite. Kipimo rahisi cha kasi ni mazungumzo: ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukatwa na pumzi, punguza. Siku ya joto usishindane na muda wako wa Julai, wakati wa kipupwe, kwa sababu moyo sasa una kazi mbili, kupeleka damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ili ipoe.

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, hali hubadilika. Joto hupungua kidogo, lakini unyevu hupanda na jasho hudondoka badala ya kukauka, na jasho linalodondoka halimpozi mtu. Wengi huongeza kasi siku hizo kwa kuona mawingu, ingawa zinastahili tahadhari ileile.

Mavazi

Fulana nyepesi isiyobana, ya rangi nyeupe au nyingine isiyokoza, pamoja na kofia inayopitisha hewa, ndiyo mahitaji makuu. Mwanamke anayejifunika achague kitambaa chembamba kinachopitisha hewa. Mafuta ya kujikinga na jua ni ya lazima kwa mtu mwenye ualbino na yana manufaa kwa wengine, kwa vile miale huongezeka ukali kadiri mahali palivyoinuka. Kuhusu wale wanaokimbia wakiwa wamevaa makoti mazito au ya plastiki ili wapunguze unene, wanachopunguza ni maji, nayo hurudi wakinywa. Mazoea hayo ni ya hatari na hayana faida yoyote ninayoweza kuitetea.

Maji na chumvi

Anayekimbia alfajiri hana muda wa kujaza maji mwilini asubuhi hiyohiyo, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike tangu jioni iliyotangulia, kisha aongeze glasi moja baada ya kuamka. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu unaonyesha kwamba maji yanatosha, na ukiwa umekoza kama chai ya rangi, ni bora kuahirisha. Kwa mbio zisizozidi saa moja, maji matupu yanatosha, yanywewe kwa mafunda kulingana na kiu.

Ili kujua kiasi unachopoteza, jipime uzito kabla na baada ya kukimbia ukiwa na nguo chache kavu. Kila kilo iliyopungua ni takribani lita moja ya maji, na upungufu unaozidi asilimia 2 ya uzito wako ni dalili kwamba ulikunywa kidogo mno. Ikiwa uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni baya, kwani maji mengi huifanya chumvi ya damu kuwa nyepesi kiasi cha kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege. Baada ya mbio ndefu, tumia pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, au changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Juisi ya ubuyu ni nzuri na inapatikana kila mahali, lakini chumvi yake ni kidogo, basi iambatane na chakula.

Anayezidiwa

Mtu mwenye homa, anayeharisha au aliyelewa usiku asikimbie siku hiyo. Mwenye seli mundu, mjamzito, na anayetumia dawa za presha, hasa zile zinazoongeza mkojo, azungumze na daktari kwanza.

Kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kubana na baridi ya ghafla inayosimamisha vinyweleo juani ni dalili za kuacha mara moja, kukaa kivulini na kunywa polepole. Mtu akianza kuzungumza yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hiyo ni dharura inayoweza kuua, na jasho kuendelea kutoka hakupunguzi hatari, kwani mkimbiaji anaweza kupatwa na kiharusi cha joto, yaani mwili kushindwa kujipoza, ngozi ikiwa bado imelowa. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za ziada, mmwagieni maji ya baridi mwili mzima mfululizo huku mkimpepea kwa nguvu, na mkipata barafu dukani iwekeni shingoni, kwapani na kwenye kinena. Hewa kavu ya Dodoma, iliyoficha jasho hapo mwanzo, sasa inasaidia, kwa sababu maji hukauka haraka na kuuondoa moto wa mwili. Msimnyweshe chochote akiwa hana fahamu timamu, na msimpe panadoli, kwani haitibu joto la aina hii.

Wakati mmoja wenu anatafuta gari au bajaji, wengine waendelee kumpoza, kwa kuwa nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua mengi, na kumpakia kwenye bodaboda akiwa amelegea ni kumtafutia ajali nyingine. Mkifika hospitali, mwelezeni mhudumu alianguka saa ngapi, alikuwa amekimbia muda gani na mmempoza kwa njia gani. Hata akipata nafuu siku hiyohiyo, asirudi barabarani mpaka daktari aliyempima amruhusu.