Kubadilisha mpira wa kabureta kwenye Yamaha DT125 ya zamani (na kwa nini mpya nao huvuta hewa)

Jumamosi iliyopita nimeshinda uani kwa jirani yangu, mzee ana DT125 ya tustroki aliyoinunua mnadani, enzi hizo ilikuwa ya mradi, ina namba ya DFP, zile za miradi ya wafadhili. Ugonjwa: ukiachia moto (mkono wa mafuta) hairudi, inabaki inalia juu kama kuna mtu bado kaukamata, halafu ikishuka inazima. Fundi wa barabarani kashamwambia anunue kabureta mpya. Kabureta haikuwa na shida, ni ule mpira unaoiunganisha na silinda ndo umepasuka. Mzee akaniambia "kijana andika, wenzio wanaliwa hela," haya basi.

Usiendeshe ikiwa hivyo hata kama inatembea. Hewa inayoingia kwenye ufa imeiruka kabureta, haina petroli, mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inachemka inajam ukiwa kwenye mwendo. Na kama we ni wa kuchanganya oili kwenye tenki, petroli ikipungua oili nayo imepungua.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mpira

Washa, iache sailensi (inalia chini bila kushika moto), chukua chupa ya kupulizia maji kama ile ya saluni, pulizia kidogo kidogo kuzunguka mpira na kwenye klipu. Mlio ukibadilika umeshapata. Wapo wanaopulizia petroli, aisee ekzosi iko pale pale, mimi maji yananitosha. Kisha uvue na uukunje kwa mikono. Ukiwa umekaa mahali pake unaonekana mzima kabisa, ukiukunja nyufa zinafunguka kama kisigino kilichopasuka. Nyufa za juu juu sio mbaya sana, ila ukiona umefika kwenye kitambaa au chuma cha ndani ndo basi tena.

Kama yako ni zile Yamaha za miaka ya 80 zenye kichupa cha plastiki cha YEIS kimeungwa na mpira kwa hosi, kagua na hiyo hosi, wengi wanaisahau.

Hatua ya 2: Kuvua

Funga koki, toa kabureta, fungua bolti. Ziba tundu la silinda kwa kitambaa safi, ukidondosha washa humo siku imeisha.

Hatua ya 3: Mpira wa kuweka

Nenda dukani na wa zamani mkononi, usiende na jina la pikipiki tu. Mimi bora nichukue orijino iliyotumika ambayo bado laini kuliko mpya ya bei chee ngumu kama soli ya kandambili. Pima mdomo wa kabureta kwa venia (kile kipimio cha milimita), tofauti ya milimita moja inatosha kukusumbua. Kuzungushia tyubu na supaglu ni ya kukufikisha nyumbani, tyubu na petroli haziivi, wiki mbili imevimba na inanata.

Hatua ya 4: Uso na gasketi

Kwangua gasketi ya zamani taratibu, aluminiamu inachubuka. Weka msasa namba 400 juu ya kioo, lowesha, sugua uso wa flenji (ule uso bapa wa mpira unaokaa kwenye silinda) kwa mduara mpaka ung'ae kote. Mpira wa mzee ulikuwa umepinda pembeni sababu mtu alikaza bolti moja kwa hasira. Gasketi mpya ya karatasi, ipake grisi kidogo sana, basi.

Silikoni hapana. Najua kila fundi ana tyubu ya silikoni mfukoni. Petroli inailainisha, inachanika vipande na vinaingia kwenye ridi (vibamba vinavyofunguka kuingiza mchanganyiko na kufunga usirudi), ridi haifungi tena vizuri, halafu unakuja kulaumu plagi.

Bolti kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, spana ya 10 fupi na vidole viwili. Uzi wa aluminiamu ukikatika utatafuta fundi mwingine.

Hatua ya 5: Mashine ya BP

Mashine mbovu ya kupimia presha ya watu, ile ya kubinya kwa mkono yenye saa, usiitupe. Ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha tyubu, kwenye mpira ingiza kipande cha bomba saizi ya mdomo wa kabureta kilichozibwa na chenye mrija wa BP, kaza klipu. Pistoni iwe chini, plagi ikiwa imefungwa. Jaza polepole mpaka saa isome 300, hiyo ni psi 6 kasoro kidogo, usipitishe maana utasukuma oili sili za kranki (mipira inayozuia uvujaji). Sindano ikitulia dakika 6 uko poa. Ikishuka paka maji ya sabuni, fuata mapovu. Kumbuka kuziba na kabomba ka oili ya 2T (oili ya tustroki) kama kanaingilia kwenye mpira.

Hatua ya 6: Kurudisha kabureta

Hapa ndo nilipoteza siku nzima kwenye ya kwangu mwaka juzi. Nimeweka mpira mpya, gasketi mpya, nawasha, inalia juu vile vile. Nikasema ni oili sili ya upande wa magneti. Nikafungua magneti, nikatoa sili, nzima. Nimerudisha, inalia. Jioni nimechoka nikashika kabureta nikaivuta kidogo, ikachezacheza. Klipu nimeikaza mpaka mwisho na bado inacheza! Kumbe masikio ya klipu yalikuwa yameshagusana kabla haijabana mpira, bisibisi inakuambia imekaza ila mpira hauna habari. Nikapunguza masikio kwa tupa, milimita mbili hivi.

Bado. Shida ya pili ilikuwa nyuma: mpira wa eakilina (chujio la hewa) ulikuwa umekakamaa, unaivuta kabureta irudi, kwa hiyo mdomo wa mbele umeingia upande mmoja tu, juu umekaa na chini una mwanya ambao huuoni mpaka uweke kioo na tochi. Siku hizi nafanya hivi: nalegeza bolti za boksi la eakilina lirudi nyuma, mipira yote miwili naikanda kwa kitambaa cha maji ya moto dakika tano, naingiza mbele kwanza nikizungusha kushoto kulia mpaka nisikie imegota, nakaza klipu ya mbele, ndo nashughulika na nyuma. Usipake grisi ndani ya mpira, kabureta itateleza itoke barabarani. Mate yanatosha. Na mpira wa nyuma ukiwa na tundu ubadilishe, vumbi likipita pale linasaga pistoni na beringi.

Hatua ya 7: Sailensi

Rudia maji ya hatua ya 1, maana BP haipimi kabureta ilivyokaa. Kama uligusa mrija wa 2T toa hewa kwanza kwenye pampu. Skrubu ya hewa ya kabureta ifunge kwa upole hadi mwisho, legeza raundi moja na nusu, halafu tafuta mlio. Mlio ukipanda ghafla wenyewe usibaki umeduwaa, zima, na ikigoma kuzima vuta choki.

Ya mzee imeshuka vizuri mara ya kwanza. Anasema sasa haina nguvu kama zamani, nimemwambia zile hazikuwa nguvu.