Roho ikikubana, chukua daftari

Kazi ya cherehani ina mtihani wake: mikono inashona, akili inabaki kuzurura. Unapinda gauni kwa mkono, redio imezimwa, na akili ndiyo inayoamua kama saa hiyo itakuwa ya raha au ya karaha. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi hapa Ngamiani, Tanga, na ndivyo ninavyowaelekeza wasichana wanaojifunza kwangu.

Fungua kurasa za nyuma za daftari la vipimo, upige mistari upate safu tatu.

Safu ya kwanza ni ya kilichotokea. Uwe mkali hapa: andika kile tu ambacho kamera ingekinasa. "Nimemtumia mteja ujumbe kuwa gauni liko tayari. Tiki zimekuwa za bluu. Hajajibu." Basi. "Amenidharau" haiingii humo, maana dharau haipigwi picha.

Ya pili ni ya maneno ya akili, yaandike kama yalivyokuja, hata ya aibu. "Amehamia kwa fundi mwingine. Kodi sitapata. Watu wananionea." Maneno yote hayo yametoka kwenye tiki mbili! Pembeni taja hali ya moyo, hofu au hasira, na uipe alama kati ya 100.

Ya tatu ndiyo yenye kazi, na wengi huiharibu kwa kujaza maneno ya kujifariji. Akili haidanganyiki kirahisi hivyo. Jihoji: ushahidi nilionao ni upi? Anaweza kuwa na sababu gani nyingine? Shoga yangu angeniletea habari hii ningemjibuje? Ushahidi unaokuumiza nao uandike. Labda kweli mara ya mwisho alilalamika mikono inabana. Lakini pia huwa anakuja mshahara ukitoka, na leo ni tarehe 19. Sasa toa alama upya. Hofu ya 80 ikishuka hadi 50 inatosha. Ukingoja sifuri utakesha.

Njia hii ina wenyewe. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili huko Philadelphia, Marekani, aliona miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wa sonona, yaani ugonjwa wa moyo kuwa mzito siku nyingi, walipitiwa na mawazo mafupi, ya haraka, wakayaamini bila kuyahoji. Akawafundisha kuyakamata na kuyapima. Kabla yake sana, Epictetus, aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Kirumi, alifundisha kwamba kinachotusumbua si mambo yenyewe, ni hukumu tunazoyapa.

Furaha nayo akili huila hivyohivyo. Mteja anajizungusha mbele ya kioo, anacheka, wewe unawaza umeme umebaki uniti ngapi. Weka mkasi chini. Mtazame mpaka atoke mlangoni, ndipo uwaze umeme.

Daftari usimpelekee aliyefiwa. Huzuni yake haina kosa la kusahihishwa, kakae naye tu. Na kama kodi kweli haipo, hiyo si hila ya akili, kazungumze na mwenye nyumba mapema. Ila moyo ukiwa mzito karibu kila siku kwa wiki mbili, usingizi na hamu ya chakula vimepotea, nenda kituo cha afya, kwa sababu sonona ni ugonjwa na ina tiba. Wazo la kujiua likikujia, usingoje hata hizo wiki mbili: mwambie mtu wa karibu leo, akusindikize.