Somo: Kuendeleza programu huria ya ramani serikali inapoacha kutoa fedha

Ndugu wanachama,

Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, sisi watu wa ramani tumekuwa tukiulizana jambo moja. Mradi umefungwa, wataalamu wamerudi makwao, programu bado inafunguka kwenye kompyuta zetu. Je, itaishi? Inaweza kuishi. Tatizo ni kwamba wengi hukimbilia kuandika andiko la kuomba fedha kabla hawajajua fedha ya zamani ilikuwa inafanya kazi gani. Ndiyo maana katika somo hili fedha inasubiri mpaka hatua ya sita.

Mfano wangu mkuu ni GRASS GIS, programu huria ya kuchambua data za ramani, kwa sababu yaliyotukuta imeyapitia na ipo mpaka leo. Ilianza kuandikwa mwaka 1982 katika CERL, maabara ya jeshi la Marekani ya utafiti wa ujenzi, mjini Champaign, Illinois. Jeshi lilikuwa na maeneo makubwa ya mazoezi na lilitakiwa kuyatunza: mmomonyoko wa udongo, uoto, mito. Kwa kuwa kazi ya watumishi wa serikali kuu ya Marekani haina hakimiliki nchini humo, vyuo na idara nyingine zikaichukua bure. Katikati ya miaka ya 1990 CERL ikaacha kuiendeleza na kuwaelekeza watumiaji wahamie programu za kibiashara. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, kikatoa toleo la 4.2, kisha Markus Neteler na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hannover, Ujerumani, wakaipokea. Zana ya r.watershed, ambayo Charles Ehlschlaeger aliiandika akiwa CERL na wengine wakaiboresha, bado inagawa mabonde ya mito. Aliye na QGIS, programu huria ya kuchora na kusoma ramani, iliyounganishwa na GRASS anaweza kuitumia leo hii kwa bonde la Msimbazi au la Rufiji.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi

Kaa na watu waliokuwa ndani ya mradi, uulize kila mmoja alikuwa anafanya nini Jumatatu hadi Ijumaa. Usiridhike na vyeo vyao. Utakuta kuna aliyekuwa anaijenga programu kwa ajili ya Windows kila toleo linapotoka, mwingine analipia jina la tovuti, mwingine anajibu barua pepe za watumiaji, na mwingine anarekebisha msimbo (maandishi ya programu yenyewe) kila maktaba ya nje, yaani msimbo wa wengine ambao programu inautegemea, inapobadilika.

Huyu wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote, na kwenye maandiko ya miradi huwa haonekani kabisa. Programu isiyoguswa haibaki ilivyo. Chukua InaSAFE, programu-jalizi (programu ndogo inayochomekwa ndani ya nyingine) ya QGIS ya kukadiria athari za mafuriko na matetemeko. Ilijengwa kwa fedha za Australia, wakala wa maafa wa Indonesia na Benki ya Dunia, na jijini Dar es Salaam programu hiyo ilitumiwa katika kazi za mradi wa Ramani Huria, ambako wanafunzi na wakazi walichora mitaa na mitaro ya maeneo yanayofurika. Mwaka 2018 QGIS 3.0 ilipotoka, ilihamia matoleo mapya ya zana ilizojengwa nazo, Python 3 na Qt5, na kila programu-jalizi ilibidi irekebishwe. Isiyo na mtu wa kuirekebisha ilibaki nyuma hata kama msimbo wake haukuwa na kosa hata moja. Kwa hiyo katika orodha yako, mbele ya kila kazi andika jina la mtu anayeweza kuifanya mwaka huu bila mshahara wa mradi. Pasipo na jina ndipo penye hatari.

Hatua ya 2: Hamisha kila kitu kabla seva haijazimwa

Fanya hili wiki hiyohiyo. FEWS NET, mfumo wa Marekani wa tahadhari ya njaa ulioanza mwaka 1985, ulitegemewa Afrika Mashariki, lakini tovuti yake iliondoka hewani ghafla Januari 2025, na aliyekuwa hajahifadhi nakala alibaki mikono mitupu.

Chukua msimbo pamoja na historia yake yote (amri ya `git clone --mirror` inatosha), orodha ya hitilafu zilizoripotiwa, mwongozo wa mtumiaji, mazungumzo ya barua pepe, data za majaribio, na funguo za jina la tovuti. Watu husahau data za majaribio. Bila hizo huwezi kujua kama ulichorekebisha leo kimeharibu kilichokuwa kinafanya kazi jana. Hifadhi nakala mahali pawili pasipo chini ya taasisi moja.

Hatua ya 3: Weka leseni sawa

GRASS ilitoka serikalini ikiwa mali ya umma. Linasikika jambo jema, lakini maana yake ni kwamba yeyote angeweza kuichukua, kuiongezea vitu vizuri na kuvifungia. Oktoba 1999 timu ikaiweka chini ya leseni ya GNU GPL, na tangu hapo anayesambaza toleo alilolibadilisha lazima atoe na msimbo wake. Kwangu huo ndio uamuzi uliowapa watu wa nje moyo wa kuchangia, kwa sababu walijua jasho lao halitauzwa likiwa limefungwa.

Kwetu mara nyingi hali ni ngumu zaidi. Msimbo umeandikwa na kampuni ya mshauri, mkataba unasema mali ni ya mfadhili, na kwenye hazina ya msimbo hakuna faili la leseni. Msimbo usio na leseni si huria, hata kama kila mtu anaweza kuupakua. Omba tamko la maandishi mapema, wakati waliosaini bado wapo ofisini na wanajibu simu.

Hatua ya 4: Amueni nani anaamua

Kamati ndogo, watu wenye majina, kanuni za kupiga kura zilizoandikwa. GRASS iliunda kamati yake ya uendeshaji mwaka 2006, mwaka uleule OSGeo, taasisi inayolea miradi ya programu huria za ramani, ilipoanzishwa, na ikajiunga nayo. Faida ya OSGeo ni kwamba mradi hauhitaji kusajili shirika lake ili upokee fedha au umiliki jina. QGIS wao walisajili chama chao Uswisi. Njia zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni mradi kukaa ndani ya akaunti binafsi ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu mtu huugua, huhama kazi, hufariki.

Hatua ya 5: Toa toleo, hata dogo

Rekebisha makosa machache, badilisha namba ya toleo, tangaza. Watumiaji wanahitaji kuona dalili kwamba kuna mtu nyumbani. Usiahidi makubwa katika toleo hili la kwanza.

Hatua ya 6: Sasa tafuta fedha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uzito.

Fedha ya serikali ilikuja kwa mkupuo, na iliondoka kwa mkupuo. Usitafute mkupuo mwingine. Tafuta vijito vingi, ili kimoja kikikauka kazi isisimame. Cha kwanza ni mikataba midogo: taasisi inayotaka kipengele fulani inamlipa mtunzaji akiandike, na kikishakamilika kinaingia kwenye programu ya wote. Ukikubali mkataba kama huo, ongeza kwenye bei siku za kuandika mwongozo, majaribio, na matengenezo ya baadaye. Watunzaji wengi wanachoka kwa sababu waliuza kipengele kwa bei ya kukiandika tu, kisha wakakitunza bure.

Cha pili ni michango ya kila mwaka. QGIS ina wanachama wafadhili, makampuni na taasisi za umma, ambao fedha yao inalipia kurekebisha hitilafu na kuandika mwongozo. Hizo ni kazi ambazo hakuna mteja anayezilipia peke yake.

Cha tatu ni wale wanaotajirika kwa kutumia kazi yako. GDAL, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, ndiyo inayosoma na kuandika miundo ya data za ramani ndani ya QGIS, GRASS na programu nyingi za kibiashara. Mwaka 2021 mtunzaji wake mkuu, Even Rouault, alisema anataka kupunguza mzigo. Wenzake wakaandaa mpango wa udhamini, na makampuni kama Microsoft, Amazon, Google na Esri yakaanza kulipa kila mwaka kupitia NumFOCUS, shirika lisilo la faida linalopokea fedha kwa niaba ya miradi huria. Makampuni hayo yalikuwa yakiitumia GDAL kwa miaka mingi, ila malipo hayo ya kila mwaka yalianza baada ya kupelekewa mpango. Jifunze hapo. Anayetumia programu yako hatakuja kugonga mlango akitaka kukulipa. Mwandikie.

Cha nne ni chuo. Mhadhiri anayefundishia programu yako na kuandika tafiti kwa kuitumia ana sababu yake mwenyewe ya kuitunza. Helena Mitasova, aliyefanya kazi na GRASS tangu enzi za CERL, aliendelea nayo katika Chuo Kikuu cha North Carolina State, na wanafunzi waliopita hapo wamo katika timu ya sasa. Mwaka 2023 mfuko wa sayansi wa Marekani, NSF, ukatoa ruzuku ya kujenga jumuiya ya GRASS. Kwa hiyo fedha ya serikali inaweza kurudi, ila ilirudi kwa jumuiya iliyokwisha jisimamia, yenye kamati, leseni na matoleo ya kuonyesha.

Hatua ya 7: Ingiza watu wapya kila mwaka

Tenga kazi ndogo zilizoelezwa vizuri, na mtu wa kumwelekeza anayeanza. GRASS imekuwa ikipokea vijana kupitia Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wanaoanza kuchangia programu huria, chini ya OSGeo, na baadhi yao walibaki. Kumfundisha mgeni kunakula muda kuliko kuifanya kazi mwenyewe, ndiyo, na bado ni lazima.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa mipango miji wa halmashauri. Mradi ulituachia mfumo wa ramani wa mtandaoni, lakini seva iko nje ya nchi kwa mshauri, na mkataba umeisha. Nianzie wapi?*

Marahaba. Anza na hifadhidata. Muombe mshauri kwa barua rasmi, yenye saini ya mkurugenzi, nakala kamili ya hifadhidata (kama ni PostGIS, aina ya hifadhidata ya ramani, atumie amri ya `pg_dump`), faili za picha, msimbo pamoja na mabadiliko waliyoyafanya, na maelezo ya kuusimika mfumo upya. Usikubali faili za shapefile (muundo wa zamani wa kuhifadhi ramani) peke yake, maana zinapoteza uhusiano kati ya majedwali na hukata majina ya safu kwenye herufi kumi. Ukipata nakala, ijaribu papo hapo kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu.

*Mimi ni mwanafunzi wa jiomatikia, lugha ya C iliyoandikiwa GRASS siijui kabisa. Naweza kuchangia nini kwenye programu kama GRASS?*

Mengi, dada. Zana nyingi mpya na za ziada zinaandikwa kwa Python, lugha nyingine ya programu. Hata bila kuandika msimbo, ripoti nzuri ya hitilafu ina thamani: toleo gani, amri ipi, ulitegemea nini, umepata nini. Tumia data za mfano za North Carolina ambazo mradi wenyewe unazitoa, ili mtunzaji aweze kuirudia hitilafu kwake. Hitilafu isiyoweza kurudiwa hukaa miaka. Ukishindwa kuelewa ukurasa wa mwongozo, uandike upya na uutume, kwa sababu aliyeuandika hawezi tena kuona pale anayeanza anapokwama.

*Mkuu, kutoza pesa kwa programu huria si kwenda kinyume na huria yenyewe?*

Hapana. GPL inakuruhusu kuuza nakala, mafunzo, usimikaji na msaada. Inachokukataza ni kumpa mtu programu ukamnyima msimbo au haki zake. Nawaomba kabisa vijana wetu wanaofundisha QGIS kwenye halmashauri na mashirika watoze bei ya haki. Anayefundisha bure mwaka wa kwanza, mwaka wa pili hapatikani.

*Kampuni kubwa ikilipa, si ndiyo itaamua programu iende wapi?*

Hofu hiyo ni ya kweli, kaka. Kinga ni hatua ya 4 kutangulia ya 6. Fedha iingie kwenye mfuko unaosimamiwa na kamati, kura zibaki kwa wachangiaji, na jina la programu lisimilikiwe na mlipaji. Halafu angalia hesabu: kama mdhamini mmoja anabeba zaidi ya nusu ya mapato, uko palepale ulipokuwa na serikali.

*Na kama programu yenyewe imebaki na watumiaji wachache sana? Tupambane nayo tu?*

Si kila programu inastahili kubebwa nzima. Tafuta sehemu ambayo haipatikani kwingine: kanuni ya kukokotoa, jedwali la viwango vya udongo wa eneo lenu, fomu ambayo watendaji wa kata wameizoea. Itoe hiyo, iandike kama programu-jalizi ya QGIS au zana ya ziada ya GRASS, na mingine yote iache kwenye kumbukumbu ikiwa na leseni yake. Wape watumiaji tarehe ya mwisho na njia ya kuhamisha data zao, na usizime seva mpaka wa mwisho wao athibitishe kwamba amezipata.