Kano ya Kisigino Isiyopona: Mwongozo kwa Mkimbiaji wa Masafa Marefu

Miezi miwili iliyopita kijana mmoja ninayekimbia naye hapa Moshi alinijia akichechemea, akitaka kujua kama aache maandalizi ya nusu marathoni au aendelee kuvumilia. Kano yake ya kisigino, ile inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, ilikuwa imemsumbua kwa miezi minne. Nilimwandikia hatua hizi katika daftari lake, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilipoteza takriban mwaka mzima kwa jeraha hilo hilo kwa sababu ya kosa moja, nimeona niziandike upya, na kosa lile nilipe nafasi linayostahili.

Mwongozo huu unahusu maumivu yaliyoanza polepole yakakaa. Ikiwa ulisikia kitu kikikatika ghafla, ukahisi kama umepigwa teke kwa nyuma na sasa huwezi kusimama kwa ncha ya mguu huo, usiendelee kusoma. Nenda hospitali leo.

Hatua ya 1: Punguza mzigo, lakini usilale

Ondoa mazoezi ya kasi na ya vilima kwa wiki mbili, na ubaki na mbio nyepesi ambazo mguu unazikubali. Kupumzika kabisa hutuliza maumivu kwa sababu tu hakuna kinachoichokoza kano, huku kano yenyewe ikizidi kudhoofika kwa kukosa kazi, na ndiyo maana wengi hupumzika mwezi mzima kisha wakaumia tena wiki ya kwanza ya kurudi. Mafuta ya kuchua sina ugomvi nayo, ila hayajengi kano. Sindano ya steroidi karibu na kano hii mimi singeikubali, kwa sababu inaweza kuidhoofisha hadi ikatike. Vilevile, ukiugua tumbo au njia ya mkojo, usinunue sipro (antibiotiki iitwayo ciprofloxacin) dukani kwa mazoea: dawa za jamii hiyo zinajulikana kudhuru kano, hasa hii ya kisigino, kwa hiyo mweleze daktari tatizo lako kabla hajakuandikia.

Hatua ya 2: Tambua mahali hasa panapouma

Hapa ndipo nilipopotea. Keti, vua soksi, kisha ibane kano kwa kidole gumba na cha shahada kuanzia juu ukishuka polepole. Ikiwa sehemu inayouma ipo sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino, mara nyingi ikiwa imevimba kidogo, tatizo lako lipo katikati ya kano. Ikiwa maumivu yapo pale pale kano inaposhikana na mfupa, mahali ambapo ukingo wa nyuma wa kiatu hugusa, tatizo lipo kwenye mshikizo. Watu wengi huyaita yote mawili maumivu ya kisigino na kuyatibu kwa namna moja, lakini hayataki zoezi moja.

Zoezi maarufu zaidi kwa jeraha hili lilienezwa na Håkan Alfredson, daktari wa Sweden. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kawaida waliosimama kwenye ukingo wa kipandio na kushusha kisigino chini ya ukingo huo, seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka na seti nyingine 3 goti likiwa limekunjwa, mara mbili kila siku kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia kama zamani. Niliposoma habari hiyo nilianza siku ile ile kwenye ngazi za nyumbani, nikishusha kisigino mara 180 kwa siku kwa bidii ya mtu aliyeahidiwa kupona. Ambalo sikulizingatia ni kwamba wakimbiaji wale waliumia katikati ya kano, ilhali mimi niliumia kwenye mshikizo.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Kisigino kinaposhuka chini ya usawa wa vidole, kano huvutwa na wakati huo huo hukandamizwa dhidi ya pembe ya juu ya mfupa wa kisigino. Katikati ya kano hapana mfupa wa kuikandamiza, kwa hiyo mvuto huo huijenga. Kwenye mshikizo, mkandamizo ule ndio sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe. Kila asubuhi niliamka nikiwa mgumu zaidi, nikadhani ni uchungu wa dawa inayofanya kazi, nikaongeza uzito begini. Niliendelea hivyo kwa miezi mitano. Baadaye niligundua kwamba Alfredson mwenyewe na wenzake walikuwa wamelijaribu zoezi hilo kwa watu wa mshikizo kwa kulifanya sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa wa sakafu, na kwamba wengi zaidi walikuwa wamenufaika kuliko kwa lile la ukingoni.

Kwa hiyo, ikiwa wewe ni wa mshikizo, fanya mazoezi yote ukiwa sakafuni, na uache kabisa ile tabia ya kuegemea ukuta na kunyoosha shavu la mguu, hata kama unahisi nafuu kwa dakika chache. Inua pia kisigino ndani ya kiatu kwa takriban sentimita moja. Mimi hukata kipande cha kandambili kuukuu na kukiweka katika viatu vyote viwili, si kimoja, ili nyonga zisipishane. Ikiwa maumivu yapo sehemu zote mbili, jihesabu kuwa wa mshikizo. Ikiwa huna hakika, mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha kwa vidole vyake bila kipimo chochote cha gharama.

Hatua ya 3: Jenga kano kwa uzito

Siku hizi sipendekezi zile mara 180. Uzito mkubwa unaoinuliwa polepole, mara tatu kwa wiki, umeonyesha matokeo yanayolingana nazo na huchukua muda mchache zaidi. Inua kwa sekunde tatu, shusha kwa sekunde tatu. Hesabu kwa sauti, kwa maana kila mtu hudanganya akihesabu moyoni. Anza na seti 3 za mara 15, na kadiri wiki zinavyopita punguza idadi ukiongeza uzito, hadi ufikie seti 4 za mara 6 ambazo huwezi kuongeza ya saba.

Kwa zoezi la kusimama, beba begi lenye chupa za maji, kwani lita moja ni kilo moja. Kwa zoezi la goti lililokunjwa, keti kwenye kiti, kunja kanga juu ya goti, weka dumu la maji la lita 20 juu yake na uinue kisigino. Usiliruke hili la kuketi: msuli wa ndani wa shavu la mguu, unaobeba kazi kubwa ya mbio ndefu, hulengwa zaidi goti likiwa limekunjwa.

Hatua ya 4: Hukumu asubuhi

Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, hadi 5 inavumilika. Hata hivyo alama ninayoiamini ni ile ya hatua kumi za kwanza kutoka kitandani kesho yake: ikirudi ilivyokuwa jana, mzigo ulifaa, ikipanda, punguza. Andika katika daftari la karatasi. Programu za simu zina michoro mizuri, lakini sijaona mtu akiijaza zaidi ya wiki mbili.

Hatua ya 5: Rudi barabarani

Siku moja kimbia, siku inayofuata usikimbie. Anza tambarare, kama njia za mashamba ya miwa kusini mwa mji. Ongeza kwanza umbali, kisha kasi, na vilima viwe vya mwisho, kwa kuwa mpando huirudisha kano katika mkao ule ule wa kisigino kilichoshuka. Anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon asiujaribu mpando wa kuelekea Mweka kabla alama za asubuhi hazijatulia kwa wiki tatu mfululizo.

Kijana wangu yupo wiki ya nane. Alama yake ya asubuhi imeshuka kutoka 6 hadi 2, anakimbia kilomita 8 siku ya kupishana, na bado ananiomba ruhusa ya kupanda Kibosho. Bado sijampa.